Mtoto wa "Kichwamaji" Analala Saa Ngapi?

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974, na tangu hapo wahakiki hawajaiacha ipumzike. Wengi wameisoma kwa miwani ya udhanaishi: maana ya maisha, upweke wa msomi, kifo. Sina ugomvi na miwani hiyo. Katika makala haya nakusudia kuuliza swali dogo ambalo katika semina zetu sijalisikia. Yule mtoto mwenye kichwa kikubwa analala saa ngapi, na nani anakesha naye?

Nauliza kwa sababu ninaye mtoto wa namna hiyo. Binti yangu ana miaka mitatu, na wakati huu ninapoandika yuko Chemba kwa bibi yake. Alipokuwa mchanga utosi wake ulivimba, macho yakawa yanatazama chini kama jua linalozama. Maji yanayozunguka ubongo yalikosa njia ya kutoka. Alipasuliwa, akawekewa mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi na kuyashusha maji hayo tumboni. Tukadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza kesha zinaanza.

Usiku analala nusu saa, anashtuka, analia. Kichwa ni kizito, hawezi kukigeuza vizuri peke yake, kwa hiyo sharti ageuzwe, huku na huku, asipate kidonda. Na kuna jambo ambalo mzazi mwingine halijui: usingizi wenyewe unatisha. Mrija ukiziba, dalili zake ni kutapika na kusinzia kupita kiasi. Basi akikesha nina shida, akilala nina hofu. Usiku anaotulia ndio ninaoamka mara nyingi zaidi, namgusa mguu, namwita jina, nasikiliza kama ataguna.

Sasa turudi kwenye riwaya. Kwanza tunakutana na mtoto wa Manase. Baadaye msiba huohuo unamfika Kazimoto na mkewe Sabina. Kazimoto ndiye msimulizi wetu, kijana wa chuo kikuu, na kila kitu tunakiona kwa macho yake. Kwake kichwa cha mtoto kinasema jambo: kuhusu Manase, kuhusu yeye, kuhusu kizazi cha wasomi kilichojaa mawazo hadi kikashindwa kuishi. Mwishowe anajiua. Kisanaa picha hiyo ina nguvu mno, na jina la kitabu limeibeba barabara, maana kwa Kiswahili chetu cha kila siku "kichwamaji" ni tusi pia.

Ila tuangalie tunavyoifundisha. Katika semina moja mwenzetu alisimama akasema kwa kujiamini kuwa mtoto yule "anawakilisha dhambi za wazazi". Tukaandika kwenye madaftari, hata mimi niliandika. Likizo ilipofika nikapanda basi la kwenda nyumbani. Jioni ya kwanza jirani mmoja alimtazama binti yangu mgongoni kwa mama, akaguna, akauliza eti mimi na baba yake tulifanya nini huko mjini. Jamani! Jirani huyo hajasoma udhanaishi, lakini uhakiki wake ulikuwa uleule wa semina.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka na neno "ishara". Ukweli wa ugonjwa huu si wa ishara. Huko Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya watoto waliowatibu: kwa zaidi ya nusu yao chanzo kilikuwa maambukizi, mengi ya miezi ya mwanzo kabisa ya maisha. Homa ya mtoto mchanga, basi. Wengine huzaliwa nao, na miongoni mwao wapo wenye mgongo wazi, tatizo ambalo vitamini ya foliki kwa mama kabla ya mimba hulipunguza. Tanzania huongezwa kwenye unga wa viwandani, lakini uwele na mtama tunaosaga kwenye mashine ya kijijini haupiti huko. Dhambi iko wapi hapo?

Mtetezi wa riwaya atasema: mtunzi hakuwa akiandika kitabu cha uganga, na ishara hailazimiki kulala. Kweli. Tena nikubali, nilipoisoma mara ya pili hasira yangu ilipungua kwa Kezilahabi ikahamia kwetu. Kazimoto ni msimulizi mwenye kasoro; tumepewa akili yake pamoja na upofu wake. Mtu anayetafakari maisha usiku na mchana lakini mtoto kwake ni fumbo la kufumbua, si mtu wa kugeuzwa ubavu, huyo amehukumiwa na kitabu chenyewe. Sisi ndio tuliomchukua kama mwalimu, tukazisifu tafakuri zake, tukampita Sabina kana kwamba hakujifungua yeye.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenzangu na kwa walimu wetu ni hii. Tunapoifundisha Kichwamaji, tuanze na Sabina. Tuulize mimba aliibebaje, kitandani alimsikia nani akilia, na aliachiwa nini mume alipochagua kuondoka. Fani na maudhui vitabaki palepale. Uzito ndio utakaohama.

Jana usiku mama alinipigia simu kutoka Chemba. Nikamwuliza, "Shikamoo mama, mtoto amelala?" Akajibu, "Marahaba. Amelala, lakini nimemwamsha kidogo nione." Wala sikuhitaji kumwuliza kwa nini.