Jina la Mdudu Akaaye Chini ya Jiwe

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kibondo hata Kasulu na kata ya Rungwe Mpya, maji ya mvua hushuka vilimani kwa vijito vya mawe, yakakusanyika mabondeni, na sehemu kubwa yake ikamiminika katika Malagarasi, mto ambao nao hukomea Ziwa Tanganyika. Chini ya mawe ya vijito vya namna hii, mahali ambapo maji hupita kwa kasi na kuchanganyika na hewa kwa wingi, ndipo yalipo makazi ya mdudu wa oda ya Plekoptera, jenasi ya Neoperla, ambaye watu humpita pasina kumtambua, na ambaye wataalamu wenyewe walimwita muda mrefu kwa jina moja, ilhali ndani ya jina hilo mlikuwa na spishi nyingi. Namna fumbo hilo lilivyofumbuliwa yastahili kuelezwa kwa taratibu, maana ndani yake mna funzo juu ya kazi nzima ya kutambua viumbe.

Tuanze na yale ambayo jicho laweza kuyathibitisha bila msaada mkubwa. Ukilifunua jiwe lililolala penye maji ya mbio, ukaligeuza upande wake wa chini, waweza kumwona tunutu aliyebapa, wa rangi ya hudhurungi yenye madoa ya manjano, akikimbilia upande wa kivuli kwa miguu iliyotanuliwa. Asikudanganye kufanana kwake na tunutu wa oda nyingine, Efemeroptera, ambao hukaa naye chini ya jiwe lilo hilo na ambao aghalabu huwa chakula chake. Efemeroptera kwa kawaida huwa na mikia mitatu, na mguu wake huishia katika ukucha mmoja, na matamvua yake yamepangwa ubavuni mwa tumbo. Ama Neoperla, mikia yake ni miwili, kila mguu una kucha mbili, na matamvua yake yapo kifuani, karibu na mashina ya miguu, yakiwa vishungi vyeupe vilivyochanguka mithili ya ncha ya kamba ya katani iliyofumuka. Mtu akishazishika alama hizi tatu, yaani mikia, kucha na mahali pa matamvua, hawezi tena kuwachanganya wadudu hawa wawili.

Baada ya oda na familia huja jenasi, na hapa maumbile yametuwekea alama ya ajabu juu ya kichwa. Wadudu wengi wa familia hii ya Perlidae, mbali na macho makubwa ya pembeni, wana macho madogo matatu utosini yaliyopangwa kwa pembetatu. Neoperla anayo mawili tu. Katika Afrika ya kitropiki ndiyo jenasi pekee ya familia yake, na kwa hiyo mtafiti wa huku kwetu hufika kwenye jenasi kwa wepesi ambao mwenziwe wa Asia, aliyezungukwa na jenasi nyingi, hana. Lakini wepesi huo ndio uliozaa taabu iliyofuata.

Edward Newman, Mwingereza, ndiye aliyempa mdudu huyu jina la spishi, spio, mwaka 1839. Na jenasi ya Neoperla ikaasisiwa na James Needham wa Marekani mwaka 1905. Majina mengine yaliongezeka, mara kwa kutazama rangi ya kichwa, mara kwa weusi wa mbawa, mpaka H. B. N. Hynes alipochapisha mwaka 1952 mapitio yake ya kundi hili kwa Afrika iliyo kusini ya Sahara. Katika zama hizo rai iliyotawala ni kwamba Afrika nzima ina spishi moja tu, Neoperla spio, yenye kubadilika-badilika wajihi kutoka mto hadi mto. Rai hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani rangi ya mdudu huyu haina uthabiti: aliyetoka sasa hivi katika gamba la utunutu ni mweupe, baada ya saa chache huwa amekoza, na akishakaa ndani ya spiriti kwa miaka, rangi huchujuka. Mwenye kuwatenga kwa rangi angezidisha majina bila haki, na mwenye kukataa rangi, ikiwa hana ushahidi mwingine, hulazimika kuwakusanya wote chini ya jina moja.

Ushahidi mwingine ulipatikana ng'ambo ya pili ya maziwa yetu, katika Kivu, mashariki ya Kongo. Mwaka 1976 Peter Zwick, mtaalamu wa Plekoptera kutoka Ujerumani, alichapisha uchambuzi wa Neoperla waliotoka katika kijito cha mlimani cha Kalengo, ambao walinaswa kwa mtego uliofunika sehemu ya mto ili kila mdudu anayepevuka na kuruka akamatwe. Fadhila ya njia hii ni kwamba wadudu wote ni wa mahali pamoja. Mtu akilinganisha mdudu wa Kongo na wa Natal, akaona tofauti, huweza kusema kwamba umbali na tabia ya nchi ndivyo vilivyowabadili. Lakini wadudu waliokulia katika maji mamoja, ikiwa wamegawanyika makundi yasiyoingiliana kwa umbo la viungo vyao vya uzazi wala kwa mayai yao, na wala hapapatikani wa kati na kati, basi hawazaliani, na kutozaliana ndiyo hukumu ya spishi. Mwaka 1980 Mike Picker naye akachapisha uchambuzi wa kundi hilo hilo la spio huko Afrika Kusini. Rai ya spishi moja ikaanguka.

Sasa tutazame kazi yenyewe mezani. Dume hukatwa ncha ya tumbo, nayo huchemshwa kwa moto mdogo katika maji ya potasiamu haidroksaidi mpaka nyama laini iyeyuke na yabaki maganda magumu peke yake. Kisha kiungo chake cha uzazi, ambacho ni mrija mgumu wenye mfuko mwembamba uliokunjwa ndani, hutolewa na ule mfuko kugeuzwa nje kwa kibanio chembamba. Hapo ndipo hadubini huonyesha siri iliyokuwa imefichika: mfuko umejaa vijimiba, na idadi yake, ukubwa wake na safu zake hutofautiana baina ya spishi na spishi, hata kama wenyewe kwa nje wamefanana kabisa. Kadhalika hutazamwa vijipembe vilivyo juu ya pingili za mwisho za tumbo. Ama jike, ambaye kwa nje hana alama nyingi za kutegemewa, hutolewa mayai yaliyokwisha kukomaa tumboni, nayo hutazamwa michirizi ya ganda na umbo la ukosi ulio upande mmoja, ambapo yai hujishikiza jiweni lisichukuliwe na maji. Hadubini ya elektroni imeifanya alama hiyo iwe ya kutegemewa sana. Tunutu ndiye aliyebaki mgumu kuliko wote, kwa sababu viungo hivyo bado havijakamilika, na njia ya yakini ni kumlea katika maji baridi yenye kwenda mpaka apevuke, halafu gamba lake lihifadhiwe pamoja naye katika chupa moja.

Kwa nini tujitaabishe hivi? Kwa sababu mdudu huyu ni shahidi wa hali ya mto. Matamvua yake hayastahimili maji yaliyopungukiwa na hewa, na udongo unaomomonyoka mashambani huziba nafasi zilizo chini ya mawe ambamo huwinda na kujificha. Katika kipimo cha SASS5 cha Afrika Kusini, ambacho hupima afya ya mito kwa wadudu wake na ambacho alama yake ya juu ni 15, familia ya Perlidae imepewa 12; na tangu 2015 Tanzania inacho kipimo chake, TARISS, kilichoandaliwa na Lulu Kaaya na wenziwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo imekataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria yataka ushahidi wa kuonyesha kama inatimizwa, na kipimo cha wadudu hutoa ushahidi huo kwa gharama ndogo: wavu, sinia jeupe, na jicho lililofundishwa.

Basi walimu wa sayansi wa Kasulu na Kibondo, na vijana wanaosomea mambo ya maji, nawaomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Wakikusanya Neoperla, wasiridhike na tunutu. Wamvizie mdudu mpevu, ambaye hufuata taa usiku karibu na mto, wamweke dume na jike katika spiriti ya asilimia 80, na ndani ya chupa hiyo hiyo watie karatasi iliyoandikwa kwa penseli jina la kijito, kijiji, tarehe, na jina la aliyekusanya. Mdudu asiye na karatasi hiyo hafai kitu kwa elimu, hata awe mzuri namna gani.