Lokole inayosema: namna ya kuitambua

Anayetafuta lokole Kisangani huonyeshwa kwanza ile iliyochongwa nyuso za watu na kung'arishwa mpaka inametameta. Ipite. Nakshi haina kosa, lakini hii ni ngoma ya maneno, na kinachohukumiwa ni maneno yake yanavyofika.

Lokole haina ngozi. Ni kipande kimoja cha gogo kilichochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba wa mgongoni, ncha zote mbili zikiachwa zimeziba. Kingo za mwanya huo ni midomo miwili. Fundi hupunguza unene chini ya mdomo mmoja kuliko wa pili, na ule uliopunguzwa zaidi hutoa sauti ya chini. Walokele, watu wenye ngoma hii, huhesabu mmoja kuwa mume na mwingine mke. Hapo ndipo ufundi wote ulipo, gizani, mahali ambapo mnunuzi hapaoni, na ndiyo maana napenda kuingiza kurunzi kwenye mwanya kabla ya kuuliza bei. Ukiona alama za tezo zimekwenda sawasawa pande zote mbili, ujue hujaonyeshwa lokole ya kusema. Umeonyeshwa gogo lenye tundu.

Kwa nini sauti mbili? Kilokele huenda kwa sauti ya juu na ya chini, na neno hubadilika maana sauti ikibadilika. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1949. Baba, mwezi na kuku, katika lugha hiyo, vina mwendo mmoja wa sauti. Kwa hiyo mpigaji hataji mwezi peke yake. Huuongezea sifa zake mpaka msikilizaji asiweze kuuchanganya na kuku. Sentensi fupi ya mdomoni huwa ndefu mtini. Sasa fikiri midomo ya lokole ikikaribiana sauti: ujumbe wote unavurugika, hata ngoma ingekuwa na kishindo cha radi.

Basi piga mdomo mmoja, kisha wa pili, kwa magongo yenye vichwa vya mpira. Usitafute ukubwa wa sauti, tafuta umbali baina ya sauti mbili. Sisi tuliolelewa na Kiswahili, lugha isiyobeba maana kwa njia hiyo, tunahitaji kuzoeza sikio. Rudia polepole. Lokole nzuri haikuachi na shaka ni mdomo upi umepigwa, hata ukiwa umeipa mgongo.

Mti wenyewe uwe mgumu, wa moyo mwekundu. Walokele walipenda ule ule unaotoa unga mwekundu wa ngola. Mti laini ni mwepesi kubeba na husikika vizuri sebuleni, lakini mtoni sauti yake hufa mapema. Pitisha kidole kwenye ncha mbili za mwanya, maana nyufa huanzia hapo. Ufa mdogo uliozibwa kwa utomvu ningeukataa. Matundu ya wadudu pia.

Zipo lokole ndogo za muziki, za aina ambayo mwanamuziki Papa Wemba aliipandisha jukwaani na bendi yake, Viva la Musica. Hizo zina sheria nyingine: hutafutwa mlio mkavu unaokata haraka, na sauti mbili zikikaribiana si kasoro kubwa. Muuzaji akikupa hiyo kwa bei ya ngoma ya ujumbe, mwambie kwa heshima kwamba hiyo si ya ujumbe.

Jaribio la mwisho hufanywa ukingoni mwa maji. Basoko, mto Aruwimi unapoingia mto Kongo, ni mahali pake hasa. Chagua jioni, hewa ikiwa imetulia. Mtafute mzee anayejua kupiga na mwingine anayejua kusikiliza, huyu wa pili avuke ng'ambo. Usichague ujumbe wewe, mwachie mpigaji. Msikilizaji akirudi na kueleza aliyoambiwa, lipa bila kuvutana sana.