Mapenzi kwa Ratiba ya Ligi

Msomaji wa riwaya za mapenzi hufungua kitabu akijua kitakavyoisha. Wawili watapendana, watakorofishana, kisha watapatana. Mwandishi hana siri ya kufichua ukurasa wa mwisho, kwa hiyo ufundi wake wote hauna budi kuonekana njiani. Rachel Reid, Mkanada wa jimbo la Nova Scotia, analijua hilo vyema. Ndiyo maana mfululizo wake uitwao Game Changers unafaa kusomwa polepole, kama mtu ageuzaye kanzu aone mishono ya ndani.

Ni vitabu sita, vilivyotoka kati ya 2018 na 2022, kuhusu wachezaji wa hoki ya barafu wanaopenda wanaume wenzao. Kilichovuma kuliko vyote ni cha pili, Heated Rivalry, cha mwaka 2019. Novemba 2025 kilianza kuonyeshwa kama tamthilia ya televisheni nchini Kanada chini ya uongozi wa Jacob Tierney, na umaarufu wake ukavuka mipaka. Shane Hollander anachezea Montreal: Mkanada mtaratibu, mwenye nidhamu hadi kwenye chakula. Ilya Rozanov anachezea Boston: Mrusi mwenye dharau ya makusudi na ulimi mkali. Magazeti yanawaandika kama mahasimu, na uhasama huo unauza tiketi. Mlango wa hoteli ukifungwa, ni wapenzi.

Mahasimu kupendana si jambo jipya katika fani hii. Alichofanya Reid ni kuwatafutia msukaji wa visa asiyechoka, naye ni ratiba ya ligi. Katika ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kila timu ilicheza mechi 82 kwa msimu wakati kitabu kilipotoka, nusu nyumbani na nusu ugenini. Montreal na Boston hukutana mara chache tu kwa mwaka. Ukiongeza mechi ya nyota wote, usiku wa tuzo na michezo ya Olimpiki, umemaliza karibu nafasi zote ambazo wawili hawa wanaweza kuwa mji mmoja bila kuulizwa wanafanya nini pale. Mwandishi dhaifu angewakutanisha kwa bahati kwenye lifti au uwanja wa ndege. Reid hahitaji bahati. Tarehe zilikwisha chapishwa, msomaji anazihesabu, na wahusika wanazihesabu pia ingawa hakuna anayekubali kwamba anahesabu.

Wanafahamiana mwaka 2008 wakiwa vijana wa mashindano ya chipukizi, na kisa kinakwenda karibu miaka kumi. Sura zinabeba tarehe na mahali, na kati ya sura mbili inaweza kupita miezi bila neno. Ukimya huo ndio unaofanya kazi kubwa. Unamwacha Shane akijidai kwamba yamekwisha, unamkuta anafungua mlango tena, na huhitaji kuelezwa alivyoishi katikati. Mechi zenyewe hazichukui kurasa nyingi: matokeo, jeraha, uchovu wa miguu, basi.

Kuna vitu vidogo ambavyo mwandishi huyu anavilea kwa subira. Kwenye simu, Shane amemhifadhi Ilya kwa jina la Lily, naye Ilya amemhifadhi Shane kwa jina la Jane. Mwanzoni ni kichekesho cha watu wanaojificha, lakini kadiri miaka inavyopita unaona uchungu uliomo ndani yake. Ana kwa ana wanaitana kwa majina ya ukoo, kama yalivyo kwenye jezi. Siku wanapoitana Shane na Ilya kwa mara ya kwanza, hakuna kingine kilichobadilika chumbani, lakini Shane anashikwa na hofu na kuondoka. Reid amelizuia jambo dogo kwa muda mrefu hivi kwamba likija, lina uzito wa ajali.

Lugha nayo ameitumia vivyo hivyo. Kiingereza cha Ilya ni kifupi na kina mapengo, na kwa sababu hiyo watu humdhania mtu mwepesi wa moyo. Baada ya msiba wa baba yake, akiwa Moscow, anaongea kwa simu na Shane, naye Shane anamwambia aseme yaliyo moyoni kwa Kirusi. Anayamwaga yote, hata neno la kupenda, kwa msikilizaji asiyeelewa. Msomaji ndiye anayebaki na siri hiyo.

Vitabu hivi havina haya kuhusu kitanda, na wapo watakaovifunga kwa ajili hiyo. Ila hata huko hadithi haisimami. Nani anazungumza baadaye, nani anabaki hadi asubuhi, nani anavaa viatu mapema: hivyo ndivyo vipimo vya umbali uliosafiriwa.

Hatari ya kugunduliwa, ambayo wapenzi hawa wanaikimbia, haihubiriwi, ingawa ni ya kweli. Hadi Julai 2021, mchezaji Luke Prokop alipojitangaza, hakuna mchezaji mwenye mkataba wa timu ya ligi hiyo kuu ya hoki aliyewahi kusema waziwazi kwamba ni shoga. Katika kitabu cha kwanza, nahodha Scott Hunter anatwaa kombe, anamwita mpenzi wake Kip barafuni na kumbusu mbele ya kamera. Hapo ndipo kilele chao. Katika kitabu cha pili tukio hilohilo linarudi, safari hii Shane na Ilya wakilitazama kwenye televisheni, kila mmoja mahali pake, na ndilo linalowasukuma kuamua. Furaha ya wengine imekuwa mlango wao. Kufanikisha hilo kunataka mtu anayepanga vitabu viwili kwa kalenda moja.

Miaka mitatu baada ya Heated Rivalry, katika kitabu cha The Long Game, Reid aliwarudia wawili hao na kujipa mtihani mgumu zaidi: kuandika watu ambao tayari wanapendana. Ilya amehamia timu ya Ottawa, takriban saa mbili kwa gari kutoka Montreal, ili awe karibu. Bado wanajificha, na huzuni inamla Ilya polepole huku Shane, aliyezoea kujificha, akichelewa kuiona. Ratiba ni ileile, lakini sasa inawatenga badala ya kuwakutanisha. Kila msimu unawapa sababu nzuri ya kungoja msimu ujao. Reid hakuleta adui mpya wala mpenzi wa tatu. Alichukua chombo kilichomsaidia kuwaunganisha akakifanya kizuizi, na akatulazimisha tuulize kama subira tuliyoisifu kurasa zote zile ilikuwa upendo au woga.