Nilimng'ata Totoro Sikioni
Kutoka stesheni ya Setagaya-Daita, Tokyo, nilipita nyumba za watu, baiskeli na maua ya vyungu, nikadhani nimepotea. Kumbe duka la Shirohige's Cream Puff Factory liko ndani ya nyumba kama zile za majirani. Huuza vikeki vya sura ya Totoro, tumbo limejaa krimu.

Ni vitamu? Sana, sitadanganya. Ganda jepesi, sukari kiasi. Lakini nina kesi navyo. Katika filamu ya Hayao Miyazaki ya 1988, Totoro ni jitu la msituni. Haongei, hunguruma tu, na huwatokea wasichana wawili ambao mama yao amelazwa hospitalini. Mimi niliitazama Nairobi, mathe akiwa wodini na watu wazima wakituficha mambo. Yule Totoro hakuwa pambo, alikuwa mtu wa kukesha naye. Hapa anatoshea kiganjani, anapigwa picha, analiwa.

Meza ya pili, katoto kalikataa kula kake. Kalimfunika na tishu, alale. Huyo ndiye mhakiki. Mimi nilikuwa nimeshamaliza masikio.