MFALME EDIPODE NA SUALA LA QADAR

Miongoni mwa vitabu ambavyo wanafunzi wetu wa dini huvikwepa ni Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles wa Athens iliyofasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi na kutolewa na Oxford University Press mwaka 1971. Hoja yao ni kwamba hizo ni ngano za washirikina. Tunasema: miungu ya Wayunani tumeikataa, lakini wanazuoni wetu hawakukataa kuwasoma Wayunani. Ibn Rushd (aliyefariki 595H/1198), ambaye tunadurusu fiqhi katika Bidayatul Mujtahid yake, ndiye huyo huyo aliyeandika sherehe ya kitabu cha Plato juu ya dola.

Kisa chenyewe kinaanza na tauni katika mji wa Thebes. Raia wanakwenda kwa mfalme wao kumtaka atende jambo. Creon, shemeji yake, anarudi na habari kutoka Delphi na yuko tayari kumweleza ndani, faraghani. Edipode anaamuru iseme mbele ya wote. Hapo pana adabu ya utawala ambayo kamati nyingi za misikiti yetu hazijaifikia. Kisha mfalme huyo huyo anamtuhumu Creon kwa njama bila ya ushahidi wowote, na wazee wa mji wanamzuia. Mwanafunzi wa fiqhi ataitambua mara moja kanuni ya kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta bayyina.

Hata hivyo, tusizidishe sifa. Vitabu vya uraia mashuleni husema demokrasia ilizaliwa Athens, na aghalabu husahau kuongeza kwamba wanawake, watumwa na wageni wakaazi hawakuwa na kura.

Tatizo letu kubwa na kitabu hiki ni itikadi yake. Edipode alitabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumuoa mama yake. Akaukimbia mji aliodhani ni kwao, na kule kukimbia ndiko kulikomfikisha alikotabiriwa. Katika mchezo huu juhudi ya mja ni mtego tu. Yeyote anayekifasiri kwa Kiswahili anapata taabu zaidi, kwani maneno tuliyo nayo, kama majaaliwa na kudra, yameshiba maana ya Kiislamu. Msomaji asiye na mwalimu anaweza kudhani kwamba Qadar tunayoiamini ndiyo hiyo ya Thebes.

Siyo hiyo. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipofika Sargh akielekea Sham, aliambiwa kuna tauni. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kiqureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba anaikimbia Qadar kwenda kwenye Qadar, akampigia mfano wa mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa malisho na upande mkavu: popote atakapowalisha, ni kwa Qadar. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Suala hili si la vitabuni tu. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliiharibu reli baina ya Kilosa na Gulwe, na Kidete yetu imo katika kipande hicho. Wengi walisema ni Qadar, wakanyamaza. Kwamba ni Qadar hatuna shaka. Lakini kuuliza nani anazibua mkondo wa mto, nani anakagua tuta kabla ya masika, na kwa nini watu wajenge bondeni, nako ni katika hiyo hiyo Qadar. Watu wa Thebes, pamoja na upotofu wao, angalau walikwenda kuuliza.

Kwa hiyo kitabu kisomwe, ila pawe na mwalimu. Anayekisomesha na aanze na Hadithi ya Sargh siku hiyo hiyo, kisha ndipo afungue ukurasa wa kwanza. Na wachapishaji wakikitoa tena, tungependa utangulizi unaoeleza imani ya Wayunani juu ya ajali ya mtu, ili neno moja lisibebeshwe itikadi mbili.