Asilimia Si Hukumu

Tangu Turnitin ilipoanzishwa huko California mwaka 1998, vyuo vikuu vingi duniani, na miongoni mwao vya Nairobi na Dar es Salaam, vimeshika desturi ya kupitisha insha na tasnifu za wanafunzi katika programu ya kukagua wizi wa maandishi. Na madhali digrii ya mtu yaweza kusimama au kuanguka kwa namba itokayo humo, ni wajibu wetu kujua namba hiyo hupatikanaje.

Kampuni zenye programu hizi aghalabu hazifichui siri ya kazi yao, lakini ipo njia moja iliyo wazi, nayo ni ya Moss, programu iliyotungwa na Alex Aiken mwaka 1994 kwa kukagua kazi za wanafunzi wa kompyuta, na ambayo yeye na wenziwe, Saul Schleimer na Daniel Wilkerson, waliifafanua mwaka 2003. Maandishi kwanza huvuliwa nafasi, vituo na herufi kubwa, kisha hukatwa vipande vinavyopandana: maneno “mji wa Lamu” huwa “mjiwalamu”, na kwa vipande vya herufi 5 hutoka mjiwa, jiwal, iwala, walam na alamu. Kila kipande hufanyiwa hesabu kikapata namba yake. Na kwa kuwa kuzihifadhi namba zote ni mzigo mkubwa, programu huzipitia kundi baada ya kundi, ikashika iliyo ndogo kabisa katika kila kundi na kuziacha nyingine, mfano wa apetaye mchele kwa ungo akabakiza punje na kumwaga wishwa. Zilizobaki hulinganishwa na zile za maandishi mengine yaliyomo katika hazina, na uthabiti wa hesabu hii ni kwamba, kwa vipande vya herufi 5 na makundi ya namba 4, ufanano wowote wa herufi 8 au zaidi hauponyoki.

Basi kinachopimwa ni kufanana kwa herufi, wala si nia ya mwandishi. Mwanafunzi wa historia aliyenukuu hati ndefu kwa uaminifu, akaweka alama za kunukuu na tanbihi, anaweza kupata asilimia 22, ilhali mwenziwe aliyefasiri sura nzima ya kitabu cha Kiingereza akaiita yake anaweza kutoka na 3. Na aliyewasilisha rasimu ikahifadhiwa katika hazina, akirudi na kazi iliyokamilika, huenda akaonekana amejiibia mwenyewe.

Turnitin yenyewe hukiri kwamba inaonyesha ufanano tu, na kwamba kuamua kama pana wizi ni kazi ya mwalimu. Hata hivyo ripoti yake huja na rangi, kijani hadi asilimia 24 na nyekundu kuanzia 75, na jicho la mhadhiri mwenye mamia ya insha huiamini rangi kabla ya kusoma maneno. Na pale chuo kinapoweka kikomo cha asilimia, wanafunzi hujifunza kubadili neno hapa na neno pale mpaka namba ishuke, elimu isiongezeke hata chembe.

Hatari hii imezidi tangu Aprili 2023, Turnitin ilipoongeza kipimo cha kukisia maandishi ya akili bandia, ambacho hakina hata matini ya asili ya kuwekwa kando ili mtuhumiwa aone kafanana na nini. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilikizima kipimo hicho baada ya kupiga hesabu nyepesi: kazi 75,000 zilikuwa zimepitishwa Turnitin mwaka 2022, na kosa la asilimia 1 tu lingetosha kuzitia doa kazi 750 za watu wasio na hatia.

Insafu yataka mwalimu afungue kila sehemu iliyotiwa rangi, aitazame pamoja na chanzo chake, aondoe marejeleo na nukuu halali, kisha amwite mwanafunzi amuulize juu ya hoja zake. Na mwanafunzi naye aonyeshwe ripoti mapema, akiwa bado na wasaa wa kurekebisha. Chuo kisichokuwa na wasaa wa kusoma hivyo hakina haki ya kuadhibu, kwani programu ni shahidi, na ushahidi usiochunguzwa hauwezi kumvua mtu heshima yake.