Wingi wa Majina katika Lugha ya Waklingoni

Waklingoni, taifa la wapiganaji wa sayari ya kubuniwa, walionekana mara ya kwanza mwaka 1967 katika mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek. Hapo mwanzo walikuwa maadui tu. Matuta ya kipaji cha uso waliyapata katika filamu ya mwaka 1979. Maini mawili na moyo wenye vyumba vinane wakapewa mwaka 1992. Mambo hayo yaliwapa mwili, hayakuwapa utu.

Utu wao umo katika sarufi. Mtaalamu wa lugha Marc Okrand alitoa kamusi yao mwaka 1985. Humo hamna salamu ya upole, neno lililo karibu na salamu ni swali, “Wataka nini?” Msomaji aweza kudhani kuwa hiyo ni lugha ya vita tupu. Lakini na autazame wingi wa majina. Viumbe wenye kunena wana kiishio chao, -pu'. Viungo vya mwili vina -Du'. Na vingine vyote, -mey. Kiswahili husema watu na wadudu kwa ngeli moja, kwa kuwa wote wana uhai. Kiklingoni huwatenga kwa kunena. Hivyo adui aliyetekwa vitani, maadamu ana lugha, hubaki katika ngeli ya mshindi wake.

Michezo yenyewe mara nyingi imekaza macho kwenye upanga. Hapana shaka kwamba katika jambo hili kamusi imeishinda hadithi.